Sheria Inasema 1863, Mwanza Ilizaliwa 1892

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki mbili hivi, kazi za gazeti zilinibana mpaka nikakosa hata muda wa kusalimia. Leo nimerudi na jambo ambalo lilikosa nafasi gazetini, nikaona nilimwage hapa tulijadili.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nakatiza mitaa ya katikati ya mji, nakwenda zangu kunywa supu. Nikakuta nyumba moja ya ghorofa, ambayo nimekuwa nikipita mbele yake tangu nikiwa mwanafunzi, haina paa. Vijana kama sita wako juu ya kuta na nyundo zao. Chini mbao zimepangwa kwa mafungu na mzee mmoja anazihesabu. Mlango wa mbele, ule mzito wenye nakshi, umeegemezwa kwenye nguzo ya umeme na tayari umepata mteja. Jumatatu nilipopita tena palikuwa uwanja mtupu, umezungushiwa mabati mapya.

Nikaandika habari, nikaipeleka kwa mhariri. Akaisoma yote, nampa haki yake. Kisha akaniuliza: "Kuna mtu amekufa?" Nikamwambia hapana. "Kuna kesi mahakamani?" Hapana. "Sasa habari hapa ni ipi, bwana mdogo?"

Ikatoka picha tu, na maelezo ya mistari miwili chini yake.

Swali la mhariri halikuwa la kijinga. Habari ilikuwa ipi? Nimelitafuna swali hilo kwa siku kadhaa, na jibu nililolipata ni hili: habari ni kwamba hakuna aliyevunja sheria. Nyumba iliyokaa pale kwa miaka mingi kuliko umri wa babu zetu wengi iliondolewa mwishoni mwa wiki moja, na kila kitu kilikuwa halali kabisa.

Twende polepole. Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979. Kwa sheria hiyo, jengo linahesabiwa kuwa la kale moja kwa moja kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halina kinga yoyote mpaka Waziri mwenye dhamana aamue kulitangaza katika Gazeti la Serikali. Bila tangazo hilo, nyumba ya mwaka 1900 na kibanda kilichojengwa jana vina hadhi ile ile mbele ya nyundo.

Sasa chukua kalamu upige hesabu. Mwanza kama kituo cha utawala na biashara ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892. Maana yake ni kwamba katika mji huu wote, kuanzia Capri Point hadi Kirumba, kuanzia Igogo hadi Isamilo, hakuna jengo hata moja la mji linaloweza kulindwa kwa umri wake. Hata moja! Mji wetu ulizaliwa miaka 29 baada ya mlango kufungwa.

Hata ukienda nyuma zaidi, bado. Pale kwenye mnara wa saa katikati ya mji kuna maandishi yanayotukumbusha kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutokea kilima cha Isamilo, Speke aliliona ziwa. Kwa hiyo miaka mitano kabla ya 1863 kulikuwa na mgeni amesimama kilimani anatazama maji. Watu walikuwepo, watemi walikuwepo, makazi yalikuwepo. Lakini nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi, ambazo hujengwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo mwaka huo hauwasaidii wao pia. Sheria inayopima umri wa kuta inawapendelea waliojenga kwa mawe pwani. Sisi wa ziwani tumebaki na jiwe la kumkumbuka mtu aliyepita njia.

Kwa nini 1863? Angalia mwaka wa sheria yenyewe. Kutoka 1863 hadi 1964 ni miaka 101. Kwa mtu wa mwaka 1964, hiyo ilikuwa karibu sawa na kusema "kitu cha miaka mia moja". Tatizo ni kwamba kilichoandikwa ni mwaka, hakikuandikwa umri. Kama ingeandikwa "miaka mia moja", leo nyumba ya mwaka 1920 ingekuwa ndani. Kwa kuwa uliandikwa mwaka, saa ilisimama pale pale, na kila mwaka unaopita unaongeza majengo ya kale ambayo sheria haiyatambui.

Na kuna kichekesho kingine. Sheria hiyo hiyo inataja milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Umeona hapo? Mlango unaweza kulindwa hadi wa mwaka 1939, lakini ukuta ulioushikilia mlango huo haulindwi. Ule mlango ulioegemezwa kwenye nguzo ya umeme huenda ulikuwa na haki nyingi kuliko nyumba nzima, na ndio uliouzwa kwanza.

Najua kuna mtu ameshaanza kuguna: "Nyumba yenyewe ilikuwa na nini?" Swali zuri. Nyumba za namna ile zina mengi, ila sisi hatujafundishwa kuzisoma. Tumesoma vitabu, hatukusoma kuta.

Chukua nyumba za kale za Wahindi zilizobaki katikati ya mji. Mpangilio wake hauhitaji digrii. Chini duka, juu makazi. Mbele kuna baraza lenye nguzo, linalomkinga mpita njia dhidi ya jua na mvua za ghafla za ziwani. Nyuma kuna ua, na ndani ya ua ndiko jiko, kisima au tangi, na stoo. Dari iko juu ili joto lipande, na juu ya madirisha kuna matundu ya kupitisha hewa. Hakuna kiyoyozi, na hakihitajiki. Wengine waliandika mwaka na jina la familia kwenye paji la nyumba, juu kabisa, kama mtu anayetia saini.

Paa ni bati. Hapo ndipo historia ilipolala. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo mzigo mzito wa kutoka ng'ambo ulikuwa na njia nyingine: reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka Kisumu meli zilivuka ziwa. Kwa hiyo ukiona bati la nyumba iliyojengwa kabla ya 1928, kuna uwezekano mkubwa kwamba lilishuka melini Mombasa, likapanda treni hadi Kisumu, likavuka ziwa hadi hapa. Pamba na ngozi zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Biashara yetu na Kenya na Uganda, ambayo leo tunaifanyia makongamano kwenye hoteli za nyota, ilikuwa tayari imegongelewa misumari juu ya vichwa vya watu.

Halafu nyumba hizo zikapata historia ya pili. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 majukumu ya Msajili yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi zikaondoka, wengine wakaingia kama wapangaji. Vyumba vikagawanywa kwa mbao, ghorofa moja ikabeba kaya nne, duka moja likawa fremu tatu. Hayo nayo ni historia, na ni yetu kabisa. Mtoto aliyezaliwa kwenye chumba cha juu mwaka 1975 anaijua nyumba ile kwa harufu ya ngazi zake, hata kama hajawahi kumfahamu aliyeijenga.

Kuna guno lingine, zito zaidi, nalo sitalikwepa. Nyumba ya kale inayojulikana kuliko zote hapa mjini imejengwa juu ya mawe, enzi za Mjerumani, na inaitwa nyumba ya Gunzert. Theodor Gunzert ndiye aliyekuwa mtawala wa Kijerumani hapa Mwanza katika miaka ya mwisho kabla Waingereza hawajautwaa mji huu Julai 1916. Nyumba za wakubwa wa Kijerumani zilijengwa hivyo kwa makusudi: kuta nene, baraza pana, na mahali pa juu penye upepo, panapoonekana na kila mtu aliye chini. Mkulima aliyekuwa akibeba pamba alitakiwa ainue macho.

Na pale karibu na mnara wa saa mji unaukumbuka mti wa kunyongea, ambako Wajerumani waliwanyonga Waafrika. Kwa hiyo rafiki yangu mmoja, msomi mwenzangu, akaniuliza bila kupepesa macho: "Wewe unataka kodi yangu ikapake chokaa nyumba ya watu walionyonga babu zetu?"

Jamani, nilikaa kimya kidogo. Hoja hiyo si ya kuipuuza.

Jibu langu ni hili. Mjerumani hakubeba mawe. Hakuchoma chokaa, hakupasua mbao, hakupandisha maji kilimani. Aliamuru. Waliobeba hawakuandikwa popote kwa majina, na sehemu pekee ambako kazi ya mikono yao bado inaonekana ni ukuta ule. Ukiubomoa, Gunzert hatapungukiwa kitu. Yeye ana kumbukumbu zake alizoandika, ana mafaili, ana wanahistoria wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wanaomnukuu. Atakayefutika ni aliyebeba jiwe. Pia ule mti peke yake hausimulii vizuri. Ukisimama kwenye mti, kisha ukainua macho kuelekea kwenye baraza la mkubwa, ndipo unaelewa utawala ule ulifanyaje kazi. Vyote viwili vinahitajiana.

Na wala tusidhani kwamba mwaka 1863 unawaumiza wakoloni na Wahindi peke yao. Unatuumiza sisi zaidi. Mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya Mwingereza iliizuia TANU kufanya kazi Kanda ya Ziwa. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1955, wakulima wa pamba wakaunganisha vyama vyao kuwa Shirikisho la Ushirika la Victoria, wakiongozwa na Paul Bomani. Ofisi walizokutania, maghala waliyojenga kwa senti za pamba, hayo ni majengo ya kale ya uhuru wetu. Kwa sheria ya 1863 ni matofali tu. Hata ikulu ya watemi wa Ukerewe kule Bukindo haiwezi kujitetea kwa umri.

Wenzetu wanafanyaje? Niwape mfano wa mbali kidogo. Wafaransa wana sheria ya makumbusho ya historia ya tarehe 31 Desemba 1913. Haina mwaka wa mwisho. Inauliza jengo lina maana gani kwa historia au kwa sanaa, basi. Na ina ngazi mbili, ya juu yenye masharti makali na ya chini yenye masharti mepesi, ili isiwe lazima kuchagua kati ya kufungia kila kitu na kuachia kila kitu.

Pale Paris, mtaa wa Marais, kuna jumba linaitwa Hôtel de Sully. (Ukisikia "hôtel" usidhani ni gesti; ndivyo walivyoyaita majumba ya mjini ya matajiri.) Lilijengwa miaka ya 1620. Baadaye liligeuzwa maduka na vyumba vya kupanga, wapangaji wakajibana humo kama sisi hapa, mpaka serikali ikalinunua mwaka 1944. Leo ndilo makao ya taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa lao. Mtaa wenyewe wa Marais ulikuwa umechakaa, na mwaka 1962 Waziri wa Utamaduni, André Malraux, alipitisha sheria ya kulinda mitaa mizima badala ya nyumba moja moja.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Villa Savoye, nyumba ya zege iliyobuniwa na Le Corbusier na kukamilika mwaka 1931. Walitaka kuibomoa wajenge shule. Watu wakapiga kelele, na mwaka 1965 ikalindwa, ikiwa na umri wa miaka 34 tu. Miaka 34! Hapa kwetu nyumba hiyo ingeambiwa isubiri waziri amkumbuke mtu.

Sisemi karatasi ni dawa. Tuwe wakweli. Zanzibar wana sheria zao wenyewe, wana mamlaka ya Mji Mkongwe, na tangu mwaka 2000 mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Pamoja na yote hayo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Kinga isiyo na fedha, mafundi na ukaguzi inaweza kuua.

Kinachoziokoa nyumba ni matumizi. Boma la Mikindani la mwaka 1895 limekuwa hoteli. Boma la Arusha ni makumbusho ya viumbe asilia tangu 1987. Boma la Iringa lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Nyumba inayoingiza watu na fedha kila siku hupata wa kuziba paa linapovuja.

Na hapa hapa ziwani tunao mfano wetu, ila hatuuiti urithi. MV Victoria ilianza safari mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipochakaa ikasimama, na wengi tulidhani imekwisha. Ikakarabatiwa, ikawekwa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi kubeba abiria wa Bukoba. Hakuna aliyesema "meli ya Mwingereza, ikatwe vyuma chakavu". Tulisema inafaa, itengenezwe. Kwa nini akili ile ile isipande nchi kavu?

Sasa mwenye nyumba. Nilizungumza na mmoja, sitamtaja. Akaniambia: "Kijana, kiwanja changu kina thamani kuliko nyumba. Ukiniambia nisibomoe, unanilipa nini?" Ana haki. Kumwambia mtu akae na nyumba inayovuja kwa ajili ya historia ya wengine, bila hata senti, ni kumdhulumu. Kwa hiyo wanaotaka kulinda, nikiwemo mimi, lazima tuje na kitu mkononi.

Mapendekezo yangu ni haya, mnisahihishe.

Kwanza, sheria ibadilishe mwaka kuwa umri. Sentensi moja tu. Jengo la miaka mia moja lisibomolewe kabla halijakaguliwa. Sijasema lisibomolewe kabisa, nimesema likaguliwe kwanza.

Pili, Halmashauri ya Jiji isisubiri Dodoma. Itengeneze orodha yake ya nyumba hata thelathini, kila moja na picha, historia fupi na hali ya paa. Vijana wa vyuo wanaosoma usanifu, ardhi na historia wanahitaji kazi za vitendo, hii hapa.

Tatu, aliye kwenye orodha apate nafuu. Apunguziwe kodi ya jengo, au aruhusiwe kujenga ghorofa upande wa nyuma mradi uso wa nyumba na baraza lake vibaki. Hapo atakuwa na sababu ya kutunza.

Nne, na hili halihitaji bajeti: kabla ya kubomoa chochote cha zamani, kipigwe picha na kipimwe. Ile nyumba ya Jumamosi, pamoja na miaka yote niliyoipita, sina picha yake hata moja ikiwa na paa. Picha pekee ninayoijua ni ile ya gazetini, nyumba ikiwa imeshafunuliwa kichwa. Mwandishi wa habari mzima! Lawama hiyo ni yangu, siwezi kumtupia mhariri.

Mwanza ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Tumejenga, na tutaendelea kujenga. Mwaka 2025 tumefungua daraja la Kigongo–Busisi na tukashangilia, nami nilishangilia. Sina ugomvi na jipya. Ila jiji ambalo kila kizazi kinaanzia kwenye kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati litabaki kuwa geni kwa wenyeji wake.

Wikiendi ijayo nitazunguka na kamera, naanzia mitaa ya karibu na stesheni. Mwenye babu, bibi, au mpangaji wa zamani anayekumbuka nani alikaa nyumba ipi, aniambie. Mwenye hoja ya kunipinga naye aje, nafasi ipo.

Nawasilisha.